Je, Wajua? Kilichobaki Ndani Baada ya Muuzaji Kuondoka

Umeshalipa, mmetia saini, mashahidi wameondoka, na funguo za nyumba ya Kizwite au Chanji, mjini Sumbawanga, ziko mkononi mwako. Unafungua mlango. Sakafu imeganda matope ya masika, ukuta wa jikoni ni mweusi kwa masizi, dari ina madoa ya mkojo wa popo, pembeni kuna viatu vya mguu mmoja mmoja na chupa za dawa zisizo na vifuniko, na chooni hapaingiliki. Simu ya muuzaji haipatikani. Hasira inapanda, na jambo la kwanza linalokujia ni kushika ufagio na ndoo ya maji usukumie kila kitu nje.

Subiri kwanza. Uchafu huo unaeleza nyumba ilivyotumika kabla yako, na sehemu yake ina hatari ambazo ufagio hauziondoi. Aliyekuuzia usimtukane; mtafute. Mpigie tena kesho, pitia kwa dalali, muombe mwenyekiti wa mtaa akusaidie kumpata. Unamhitaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua majibu ya maswali yanayofuata.

Chumba cha mahindi

Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi, na hata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga nyumba nyingi zina chumba kimoja ambacho halali mtu, yanalala magunia. Chumba hicho ndicho cha kukagua mwanzo.

Je, wajua kwamba dumuzi, yule mdudu anayeligeuza gunia la mahindi kuwa unga, hatosheki na mahindi? Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walipoona anavyoteketeza ghala zima kwa msimu mmoja wakampa jina la lori, Scania. Meno yake yanatoboa pia mbao kavu. Kwa hiyo ukimaliza kutazama sakafu, inua macho kwenye fremu za milango na mbao za paa. Chini ya mbao iliyotobolewa utakuta kimlima kidogo cha unga laini, mweupe au wa rangi ya maziwa. Upanguse wote kwa kitambaa, funga chumba, rudi baada ya siku chache. Unga ukiwa umerudi, ndani ya mbao yumo mdudu aliye hai, awe dumuzi au mwingine, na hapo utajua fundi seremala aje kabla ya fundi rangi.

Lakini kilicho kizito zaidi katika chumba hicho ni vidonge. Wengi hufukizia mahindi kwa vidonge vya aluminiamu fosfaidi. Kidonge kikikutana na unyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi ya fosfini, inayoua dumuzi, panya na binadamu bila kubagua. Familia zimepoteza watoto kwa kulala chumba cha pili kutoka kwenye magunia yaliyowekwa vidonge. Sasa mfikirie mnunuzi anayeingia na ndoo: anamwaga maji juu ya vidonge vilivyosahaulika sakafuni au ndani ya kopo lililobaki nusu, na gesi inafumuka kwa wingi mara moja, yeye akiwa ameinama juu yake.

Ukiona kopo la vidonge, au jivu la kijivu ndani ya vitambaa vidogo vilivyofungwa fundo, usimwage maji. Fungua milango na madirisha, toka nje, watoto wasisogee, kisha mwite afisa kilimo au afisa afya wa kata. Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ni dalili ya gesi hiyo, ila usiitegemee pua yako, maana gesi inaweza kudhuru kabla hujaisikia vizuri. Hili ndilo swali la kumuuliza muuzaji kwa upole siku ya kwanza: “Mama, shikamoo. Samahani, hiki chumba cha nyuma mlikuwa mnaweka mahindi? Vidonge mliweka lini mara ya mwisho?” Mtu aliyetukanwa jana hatapokea simu yako leo ya kuuliza hivyo.

Wanaokungoja kwenye nyufa

Je, wajua kwamba nyumba ikikaa tupu miaka kadhaa, kuna mkaazi mmoja anayeweza kuendelea kuishi humo bila kula chochote? Anaitwa papasi. Ni kupe laini, asiye na gamba gumu kama kupe wa ng'ombe, anayejificha mchana kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta zisizopigwa lipu. Usiku hutoka, humfyonza mtu aliyelala kwa dakika chache bila kumwamsha, hurudi ufani. Anaweza kukaa na njaa kwa miaka. Nyumba ya udongo iliyofungwa muda mrefu, ambayo muuzaji anaisifia kuwa “haina mtu, utaingia tu”, kwake ni nyumba aliyokuwa akiilinda.

Papasi hueneza homa ya vipindi: mtu anaungua siku kadhaa, anapata nafuu, anadhani amepona, kisha homa inarudi tena na tena. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga ni hatari kubwa. Historia yake inatuhusu watu wa ukanda huu wa Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa, huko Kasongo, ndiko daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikofia Februari 1905, kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Kijidudu chake leo kinaitwa Borrelia duttonii kwa heshima yake. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch alikuwa Afrika Mashariki akiwasaka papasi, na akathibitisha jambo la kutisha: mama papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa kupitia mayai. Mwisho wa mwaka akapewa Tuzo ya Nobel, ingawa ilikuwa kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Dawa ya papasi ni kumnyima ufa. Nyumba ikiwa ya sakafu ya udongo, usihamie kabla ya kuziba nyufa, kupiga lipu walau futi chache kutoka chini, na kumwaga zege ukiweza. Kitanda kisiguse ukuta. Ukipata homa wiki za mwanzo baada ya kuhamia, mwambie daktari kwamba umehamia nyumba ya zamani, maana bila neno hilo atapima malaria tu.

Funza naye hupenda sakafu hizohizo za vumbi. Huyu si mwenyeji wa bara letu. Alivuka bahari kutoka Brazil kwa meli iliyotia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872, mwaka ambao msafiri Livingstone alikuwa akipita Ufipa, nyanda zetu hizi, katika safari yake ya mwisho. Kwa miguu ya wapagazi na askari, funza akalikata bara zima, na kufikia mwisho wa miaka ya 1890 alikuwa ameshafika pwani yetu. Kwa hiyo siku ya usafi vaa viatu vilivyofunika mguu wote. Kandambili hazifai.

Panya tusiwasahau. Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walianza kuugua homa na kutoka damu puani, na baadhi wakafa. Wizara ya Afya ikabaini kuwa ni homa ya mgunda, inayotokana na bakteria wa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Mkojo huo ukikauka hauonekani. Ndiyo maana vyumba vya kawaida, visivyo na vidonge, havifagiliwi vikavu: nyunyiza kwanza maji yenye sabuni au jiki kidogo, subiri, ndipo ukusanye kinyesi cha panya kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, mikono ikiwa na glavu, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Mtu mwenye kidonda mguuni asishiriki kazi ya maji machafu.

Ndoo moja, dawa mbili

Choo kilichoachwa bila kusafishwa humfanya mtu achanganye kila anachokipata dukani. Je, wajua kwamba jiki ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini? Gesi hiyo ndiyo Wajerumani waliyowafungulia adui zao huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na wengi wakaangamia. Jiki ikikutana na mkojo uliorundikana nayo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Suuza kwanza kwa maji mengi, tumia dawa moja, suuza tena, mlango ukiwa wazi. Maji ya kutosha hufanya nusu ya kazi ambayo watu huiachia asidi.

Shimo lenyewe ni habari nyingine. Choo kikijaa au kitu kikitumbukia, mtu yeyote asishuke, hata kijana anayesema ameshafanya mara nyingi. Ndani ya shimo kuna gesi yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, na aliyeshuka hudhani hewa imekuwa nzuri dakika chache kabla ya kuanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Gari la majitaka ni ghali, lakini liite.

Kuna hatari moja ya hapa kwetu kabisa. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inaingia mifupani. Umepiga deki siku nzima, nyumba imeloa, watoto wanatetemeka, unaingiza jiko la mkaa ili sakafu ikauke na chumba kipate joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Nyumba iliyooshwa leo ilalwe kesho. Lala usiku huo kwa jirani au kwa ndugu. Hakuna Mfipa atakayekunyima mkeka.

Kwa kuta zenye masizi na ukungu, chokaa ya zamani bado haina mshindani kwa bei. Si rangi tu. Chokaa iliyolowekwa ina ukali wa pH wa karibu 12, na bakteria wengi na ukungu hawaustahimili. Kwangua masizi kwanza, osha ukuta kwa sabuni, uache ukauke, kisha piga mikono miwili. Linda macho.

Pembe darini

Nitaandika hili wazi kwa sababu wanunuzi wengi wa nyumba Ufipa hulifikiria bila kulisema. Unafagia juu ya dari au unafukua kizingiti, unakuta pembe iliyofungwa kitambaa, chupa yenye mafuta meusi, hirizi. Kazi inasimama. Mama wa nyumba anasema halali humo.

Je, wajua kwamba miaka ya 1963 na 1964 Ufipa nzima ilipitiwa na kundi lililojulikana kama Kamcape? Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wafipa miaka hiyo, aliliandikia makala iliyochapishwa mwaka 1968. Vijana wa kundi hilo walikwenda kijiji hadi kijiji, wakiwapa watu dawa na kutoa pembe zilizodaiwa kufichwa majumbani. Jina lao halikufa: Kigoma hadi miaka ya karibuni serikali imekuwa ikipambana na Kamchape, na katika mikoa yetu ya magharibi wapo wanaoitwa lambalamba, wanaoingia kwenye nyumba za watu, kufukua, na kudai malipo.

Ushauri wangu ni mmoja: usiwaite. Sheria ya Uchawi, iliyoanza tangu mwaka 1928, inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia inaweza kumgeukia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Pembe uliyoikuta huenda aliiweka mtu mwenye hofu, kuwalinda wanawe. Jirani mzee wa nyumba ya pili hahusiki nayo, na neno moja la kumtaja yeye linaweza kumwondolea uhai katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa macho mekundu. Kama imani yako inakutaka uombe, mwite padri, mchungaji au shehe, muombe, kisha kitu kitolewe kiteketezwe bila umati.

Hofu hii, tena, si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya jimbo la New York iliamua kesi ya nyumba ya mji wa Nyack, ambayo mwenye nyumba alikuwa ametangaza kwa miaka kwamba ina mizimu, ila mnunuzi wa kutoka mbali hakuambiwa. Mahakama ikasema kwamba, kwa macho ya sheria, nyumba ile ina mizimu, kwa kuwa muuzaji mwenyewe ndiye aliyeeneza habari hizo na hawezi kuzikana. Mnunuzi akaruhusiwa kuendelea na madai ya kujitoa kwenye mkataba.

Taka za Ufipa zina thamani

Ukitoka kwenye vyumba, unabaki na rundo uani: majani, magunzi, majivu, samadi ya kuku. Wengi huliwasha moto. Mababu wa nyanda hizi wasingefanya hivyo. Kilimo cha Wafipa kilichowashangaza wataalamu wa udongo ni cha matuta ya mviringo, intumba: nyasi hukusanywa wakati wa mvua, zikafukiwa chini ya udongo, zikaoza, na msimu unaofuata tuta likatawanywa na kupandwa ulezi au mahindi. Udongo uliochoka ulirudishiwa nguvu hapohapo. Tenga plastiki, betri, chupa na makopo ya dawa. Vilivyobaki vifukie kwenye bustani. Muuzaji amekuachia mbolea bila kujua.

Na je, wajua kwamba mengi yanayojulikana juu ya viwanda vya chuma vya Ufipa yametoka kwenye masalia yaliyoachwa? Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo zinazoitwa malungu, nyingine zikifikia kimo cha mita 3, zilizovuta hewa zenyewe bila mivuo. Baadhi bado zimesimama Nkasi. Kando yake wahunzi waliacha marundo ya mavi ya chuma, na ni katika marundo hayo mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda alisoma kazi ilivyofanyika. Mimi huwaheshimu watu wanaokaa chini na rundo la taka hadi wakalielewa.

Yasiyoonekana kwa macho

Kuna uchafu mwingine ambao deki haliutoi: madeni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, viwango vya mwaka huo vikiwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba ikikaa bila kununuliwa umeme, deni linajikusanya kwenye mita, na siku utakapoweka umeme wa kwanza litakatwa kwako. Vivyo hivyo ulizia mamlaka ya maji, SUWASA, kuhusu ankara za maji, na ofisi ya ardhi kuhusu kodi ya pango la ardhi, ikiwezekana kabla hujalipa nyumba.

Kama kuna chumba kimefungwa kufuli au masanduku ya mtu, usichome wala usigawe. Huenda ni mali ya mwenza wa muuzaji, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Masanduku hayo yanaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba ridhaa hiyo haikutolewa. Yaorodheshe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, piga picha, mpe muuzaji muda wa kuyachukua kwa maandishi.

Halafu kuna muuzaji wa aina ya pili, anayeondoka na milango, nondo za madirisha na sinki. Je, wajua kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu kuwa sehemu ya ardhi si udongo tu, bali pia majengo na vitu vilivyojengewa humo kwa kudumu, pamoja na miti iliyoota yenyewe? Mkataba usiposema vinginevyo, mlango uliojengewa fremu yake ulikuwa wako tangu nyumba ilipokuwa yako. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 64, inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi. Na kwa kuwa lazima kuandika, andika na usafi.

Ujerumani wamezoea kuandika kwamba nyumba ikabidhiwe “safi kwa ufagio”, na mwaka 2006 mahakama yao ya juu ililazimika kueleza maana yake katika kesi ya mpangaji: kuondoa uchafu mkubwa unaoonekana. Hawakudai madirisha yang'ae. Hicho ni kipimo cha haki, na kinatufaa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetafuta nyumba Katandala, Izia, Laela au Namanyere, kabla ya kusaini ongeza mistari hii kwenye mkataba: muuzaji atakabidhi nyumba tupu na iliyofagiliwa, choo kikiwa kinatumika, dawa zote za mazao zikiwa zimeondolewa, milango na vitasa vikiwepo, na madeni ya umeme na maji yakiwa yamelipwa hadi siku ya funguo. Taja tarehe. Bakiza sehemu ya fedha, hata asilimia 5, ilipwe siku hiyo mkiwa mmesimama wote ndani ya nyumba pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Muuzaji mwema hatakataa.